"Kutwa mara tatu" ni saa ngapi?

Dada, umeuliza kama dozi tatu za amoksilini ya mtoto zinaweza kwisha kabla ya magharibi, kwa kuwa chupa imeandikwa "kutwa mara tatu". Hapana. Kutwa ya mtaani ni mchana. Ya dawa ni saa 24, usiku ukiwemo. Ukizimaliza jioni, dawa inapungua mwilini usiku kucha na bakteria wanapata nafasi. Mpe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Na "kijiko kimoja" nacho kiangalie sana: maana yake ni mililita 5, ilhali kijiko cha kulia wali kinaweza kubeba mara mbili au zaidi. Tafadhali, pimia kile cha plastiki kilichokuja na chupa.