Kwa nini buluu yangu imetoka zambarau?

Swali: Habari ya kazi, mzee. Mimi ni mchoraji, nakaa Umoja. Nilichora kalenda ya ukutani ya A3 kwenye tableti: mijakaranda imechanua, juu yake anga ya buluu kali. Nikapeleka mjini zichapwe nakala 500 kwa ofseti. Anga imetoka zambarau, tarehe zina kivuli chekundu pembeni, na nakala nyingi zina mstari mweupe mwembamba ukingoni. Mchapaji anasema faili ndiyo mbovu. Ni kweli? Nirekebishe nini kabla ya kuchapa tena?

Jibu: Pole sana, kijana wangu. Nakala 500 si hasara ndogo. Kwa ulivyoeleza, mchapaji anasema kweli kuhusu faili, ila alipaswa kukwambia kabla ya kutengeneza pleti, yale mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino. Mimi kazi yangu ni hiyo ya kukagua faili kabla hazijafika kwenye pleti, na makosa yako matatu nayaona karibu kila wiki. Yote yanarekebishika bila kuchora upya.

Nianze na anga, maana ndiyo yenye mengi. Tableti inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ndiyo RGB. Mtambo hauna mwanga. Una wino wa sayani (buluu yenye ukijani), majenta (waridi iliyokolea), manjano na nyeusi, ndiyo CMYK. Ile buluu inayowaka kwenye kioo chako haipo ndani ya wino hizo nne, kwa hiyo faili ikibadilishwa, programu inakutafutia rangi ya karibu, na mara nyingi inajaza sayani na majenta kwa viwango vinavyokaribiana. Weka sayani asilimia 100 na majenta asilimia 100 juu ya karatasi, utapata zambarau. Ndiyo sababu anga yako imefanana na maua yaliyo chini yake.

Kwa hiyo pima anga kwa namba, usiamini jicho peke yake. Majenta iwe chini ya sayani kwa angalau 30. Kwa anga ya mchana mimi ningeanza na sayani 70, majenta 20, halafu niongeze kidogo kuelekea juu. Ukifika kwenye maua, angalia manjano. Jakaranda ni sayani na majenta. Manjano ikiingia humo, hata asilimia 10, ua linaanza kuwa na rangi ya vumbi. Iondoe kabisa kwenye petali zinazopigwa na jua. Kazi hii inachukua saa nzima, na inastahili.

Usiibadilishe faili yako ya asili. Iache katika RGB, ufanyie kazi nakala. Kabla ya kubadilisha, muulize mchapaji anatumia profaili gani ya rangi kwa karatasi hiyo, yaani faili inayoeleza wino unavyotokea kwenye karatasi na mtambo fulani, kwa sababu karatasi ya kung'aa na ile isiyopakwa kitu hazinywi wino sawa. FOGRA39, kwa mfano, ni ya karatasi iliyopakwa. Ukishaipata, ichague kwenye Photoshop chini ya View, Proof Setup, kisha bonyeza Ctrl na Y. Skrini itakuonyesha takriban vile wino utakavyokaa, nawe utarekebisha kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Sasa tarehe. Chukua kioo cha kukuzia uitazame tarehe moja kwenye kalenda uliyo nayo. Nadhani utaona namba nne zimelaliana, moja ya kila wino, na ya majenta imechungulia pembeni. Nyeusi ya RGB ikibadilishwa kiholela inaweza kuwa sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90. Hiyo ni asilimia 300 ya wino kwenye namba ndogo kama punje ya mchele, na karatasi ikisogea sehemu ya kumi tu ya milimita kati ya pleti moja na nyingine, kivuli kinatokea. Maandishi madogo yawe nyeusi 100, wino nyingine sifuri. Tena usiyachore pamoja na picha. Yaandike kwenye Illustrator au InDesign juu ya picha, yabaki maandishi, ili kingo zake ziwe kali. Nyeusi ya kuchanganya iache kwa maeneo mapana. Sayani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100 inatosha.

Mstari mweupe ni wa gilotini, mashine ya kukatia karatasi. Kisu kinakata rundo zima kwa mpigo mmoja, na karatasi hazikai zote mahali pamoja. Picha ikiishia pale pale pa kukata, kisu kikikosea kidogo weupe unaonekana. Ongeza milimita 3 kila upande: A3 ni 297 kwa 420, kwa hiyo faili iwe 303 kwa 426. Usiivute picha ifike huko. Chora anga na nyasi ziendelee. Tarehe nazo zikae milimita 5 au zaidi ndani ya mstari wa kukata, na juu acha nafasi ya waya wa kufungia kalenda.

Kwa pikseli 300 kwa inchi, ukubwa huo ni pikseli 3579 kwa 5031. Kama turubai yako ilikuwa ndogo kuliko hapo kwa mbali, nijulishe kwanza, maana kuikuza hakuongezi kitu.

Ukimaliza, hifadhi kama PDF/X-1a, aina ya PDF ya kazi za uchapaji, fonti zikiwa ndani. Ukiituma kwa WhatsApp, iambatishe kama hati. Ukiituma kama picha itapunguzwa, na mchapaji atapokea kitu kingine.

Kisha omba prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ile ile, ulipe hicho kidogo anachodai. Usiitazame chini ya taa za dukani. Toka nayo nje, mchana, uitazame anga kwa macho yako, ndipo utie sahihi.