Mnaouliza mbona bado tuko darasani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mjomba na wenzangu wa kwaya mmeuliza kwa zamu, swali ni lile lile: mbona mchungaji, mume wangu, hajaanza kuhubiri, na kwa nini kanisa lilipie familia nzima kusoma Kijerumani wakati Wazungu wote wanajua Kiingereza? Nitajibu mimi, maana yeye ataanzia Mwanzo mpaka Ufunuo.

Hapa Wuppertal, Ujerumani, vijana wengi Kiingereza wanakijua. Ila wanaojaa ibadani Jumapili ni wazee, na mzee aliyefiwa na mke wake hatamlilia kwa Kiingereza. Mtu akifa, mchungaji hutakiwa kwenda kwa wafiwa kabla ya mazishi, akae, asimuliwe maisha ya marehemu, kisha mahubiri ayatoe humo. Wanaongea chini chini, wanaishia katikati. Huko huendi na mkalimani.

Lugha yenyewe ina ukaidi. Nomino zina jinsia tatu, na hakuna anayekueleza kwa nini meza ni mwanamume. Kitenzi mara nyingi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo unasubiri mpaka mtu amalize ndipo ujue alilipa au alikataa kulipa. Ishirini na moja wao huanza na moja. Nitajieni namba ya simu haraka muone. Kozi ya serikali kwa wageni ni vipindi 600 vya lugha, vya dakika 45 kila kimoja, na 100 vya sheria na historia ya nchi, ili ufike B1, ngazi ya kati ya kujua lugha. B1 inakutosha dukani na kwa jirani. Mimbarani haikufikishi.

Tena kuna barua. Nchi hii huongea na wewe kwa karatasi. Ya kwanza kutuogopesha ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo. Tulidhani tumeshitakiwa.

Watoto ndio walitupita. Kijerumani wamekichota uwanjani na sasa wanamsahihisha baba yao mezani, naye mtu aliyezoea kusikilizwa na usharika mzima. Msidhani ni jambo dogo kwake. Mkubwa yuko darasa la nne, na hapa shule ya msingi inaishia hapo. Mwalimu anapendekeza mtoto aende shule ya sekondari ya aina gani, na mapendekezo hayo yana uzito katika maisha yake. Katika kikao kama hicho ukikaa unatikisa kichwa tu, umemwacha mwanao peke yake. Watu wengine huwatumia watoto kama wakalimani hospitalini. Mimi nimekataa. Mambo yangu ya uzazi hayatapita kinywani mwa mtoto wa miaka kumi.

Kiswahili tunakilinda: ndani ya nyumba ni Kiswahili, na Bibi akipiga simu hakuna kukimbia. Kihaya, niseme ukweli, kimeshatuponyoka.

Na mnaosema tunachelewa, mkumbuke Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, akazika mke na mtoto mchanga mwaka ule ule, akaendelea na Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa 1882, yeye mwenyewe amekwishafariki. Hao waliotuletea injili hatukuwauliza mbona bado wanasoma.

Dada aliyeuliza kuhusu kumfuata mumewe huku: kwa kawaida ubalozi hudai cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, kabla ya viza, kwa hiyo kozi aianze huko huko. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Asingoje tiketi, na asidanganywe na anayesema atajifunza akifika. Akifika atakuta barua zinamsubiri.