Kichwa hakijajaa, hukulala tu

Umeuliza kama kichwa chako kimejaa, maana umekesha unasoma na asubuhi hukumbuki kitu. Hapana, ubongo haujai kama flashi. Hizo fomula za fizikia ulizokesha nazo zimepotea asubuhi kwa sababu ulizisoma kwa mkupuo mmoja halafu hukulala, na usingizini ndo ubongo unapanga vitu vya mchana vikae. Kuna Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo 1885: baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu imeshayeyuka, ila akizirudia siku tofauti tofauti zinakaa. Sema zile zilikuwa silabi za hovyo, kitu unachokielewa hakitoki haraka hivyo. Mi kilichonisaidia ni kufunika daftari najiuliza, kusoma huku napaka haileta (kalamu ya rangi ya kuwekea alama maneno) ilikuwa kupamba kurasa tu.