Usianze na kompresa kama nilivyoanza mimi

Kifaa cha kwanza nilichonunua baada ya maiki na saundikadi kilikuwa kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti inapokuwa kubwa. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba ndiyo inayoifanya sauti ya mwimbaji ikae mbele ya ala, basi nikajinyima miezi kadhaa, nikainunua, nikaifunga kati ya priampu (kikuza sauti cha maiki) na kompyuta.

Siku hiyohiyo nikamrekodi rafiki yangu wimbo mzima. Niliikaza mpaka mshale unaoonyesha inavyobana ukawa unashuka desibeli 12 kila alipopaza sauti, na kwenye hedifoni ilisikika tamu. Kesho yake nilipofungua faili kwa masikio yaliyopumzika, nikasikia kitu ambacho jana hakikunigusa: kila alipomaliza mstari, mvumo wa feni ya kompyuta ulipanda polepole ukajaa nafasi yote, kisha neno lililofuata likauzamisha ghafla. Pumzi zake zilikaribia kulingana na maneno. Nikatafuta pa kupunguza, hapakuwepo, kwa kuwa kilichobanwa wakati wa kurekodi huingia kwenye faili hivyohivyo na hakibanduki. Tulirudia kuimba, lakini ile hisia ya mara ya kwanza hakuipata tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kompresa haiongezi sauti ndogo yenyewe. Inashusha kilicho kikubwa, halafu wewe unapandisha vyote kwa pamoja, na feni, friji na mwangwi wa kuta vinapanda navyo. Chumba kikiwa kibaya, kompresa itakitangaza.

Enzi za tepu mafundi walikuwa na sababu nzuri ya kubana mapema, maana tepu ina mchakacho wake na ilibidi sauti irekodiwe juu ili iuzidi. Ukirekodi kwa biti 24 huna shida hiyo. Acha vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kurekodi, kisha ubane ndani ya kompyuta, ambako ukikosea unarudi nyuma.

Pesa yako ya kwanza, kama kweli kuna haja, iende kwenye priampu. Kazi yake ni kuinua mawimbi dhaifu ya maiki bila kuyachafua, na haja hiyo inategemea maiki uliyonayo. Maiki za kondensa hutoa mawimbi yenye nguvu, hivyo priampu iliyomo ndani ya saundikadi ya kawaida huzitosha. Maiki za dainamiki ni habari nyingine. Shure SM7B, kwa mfano, huhitaji geini (kiasi cha kukuza) ya desibeli 60 hivi kwa mtu anayezungumza kawaida, na saundikadi nyingi ndogo zinaishia hapo au chini yake. Hapo ndipo watu wanapozungusha kitufe mpaka mwisho na kupata mchakacho kama wa mvua ya mbali.

Jaribu kabla ya kununua. Weka geini unayotumia unaporekodi, nyamaza, rekodi nusu dakika, kisha sikiliza kwa sauti ya juu. Ukisikia feni, tatizo lako ni feni, na priampu ya bei yoyote ile itakuletea feni safi zaidi. Ukisikia mchakacho mtupu wa umeme, sasa una sababu ya kununua. Hata hivyo, mara nyingi kile kikopo kidogo kinachokaa kwenye waya wa maiki, kinachotumia umeme wa volti 48 wa saundikadi na kuongeza kama desibeli 25, kinamaliza kazi kwa gharama ndogo zaidi.

Ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza besi na sauti kali, ya kusimama peke yake sikushauri kabisa kwa studio ya nyumbani. Ikwalaiza ya kwanza ni mkono wako unaposogeza maiki. Maiki ya kadioidi, ile inayosikia zaidi kwa mbele, ikiwa vidole viwili kutoka mdomoni huvimbisha besi. Irudishe shubiri moja uvimbe unapungua. “S” zikichoma, igeuze kidogo isielekee mdomo moja kwa moja. Nilikuwa napoteza saa nzima nikikata kati ya hezi 200 na 400 kuondoa uzito fulani wa sauti, hadi nilipotundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji na kumtoa kwenye kona. Uzito ukapungua kuliko nilivyowahi kuupunguza kwa kukata. Siku hizi naondoa tu vilivyo chini ya hezi 80 kwenye sauti za kuimba, mengine ni kidogo sana.

Ukitaka kuijua kompresa, jifunzie kwenye plagini, yaani kompresa ya programu ndani ya kompyuta. Anza na uwiano wa 3 kwa 1 (kila desibeli 3 zinazozidi kiwango ulichoweka hutoka 1), ataki (muda wa kuanza kubana) ya milisekunde 20 hivi ili konsonanti zipite zikiwa hai, na punguzo la desibeli 3. Ukifungua plagini iliyoigwa kutoka 1176, ile kompresa ya mwaka 1967, kumbuka kwamba vitufe vyake vya ataki na rilizi (muda wa kuachia) vimegeuzwa: ukizungusha kulia kabisa unapata kasi kubwa, si ndogo. Hilo lilinichanganya wiki nzima. LA-2A, kompresa nyingine ya zamani, hubana kwa kutumia mwanga, inashika taratibu na kuachia taratibu, na kwa mwimbaji wa nyimbo za polepole ndiyo ninayoifungua kwanza.

Ile kompresa yangu bado ninayo. Naipitishia gitaa la besi tu, na mshale siuachi ushuke zaidi ya desibeli 2.