Kuchora historia ya Uhindini: ushauri kwa wanafunzi wa ramani na walimu wao

Tangu mradi wa Ramani Huria uanze Dar es Salaam mwaka 2015 na kuwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili wachore maeneo yanayokumbwa na mafuriko, vijana wengi wamejifunza kutengeneza ramani kwa simu na kompyuta. Ujuzi huo unafaa pia kuchimbua historia ya mtaa wa wahamiaji, nami nimeutumia pamoja na wanafunzi huko Kisutu na mitaa ya jirani, ambako wakazi wa zamani hadi leo wanakuita Uhindini. Ninalosisitiza kuliko yote ni kwamba kila alama inayowekwa kwenye ramani iandikiwe mwaka wake na chanzo cha habari yake. Alama isiyo na mwaka inatuambia tu kwamba jengo lipo, jambo ambalo mpita njia yeyote anaweza kujionea.

Anzeni na ramani za kale. Wajerumani waliugawa mji katika kanda kwa kufuata aina ya majengo yaliyoruhusiwa, Waingereza wakauendeleza utaratibu huo, na kwa vitendo watu wakatengwa kwa rangi zao: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Ili ramani ya kale ilale sawasawa juu ya ile ya sasa katika QGIS, programu ya kompyuta ya kutengenezea ramani, chagueni vitu ambavyo havijahama, kama vile Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front. Majina yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa Barabara ya Samora iliwahi kuitwa Acacia na kisha Independence, na sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 imesimama pale palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Andikeni majina yote, kila moja na kipindi chake, wala msifute la zamani kwa sababu halitumiki tena.

Mkiwa mtaani, msiitegemee sana simu. Baina ya maghorofa marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta, na mara nyingi simu hukuonyesha ng'ambo ya barabara uliyosimama. Chapisheni ramani kwenye karatasi, mjaze kwa kalamu, halafu muingize kwenye kompyuta jioni. Simameni upande wa pili wa barabara na kutazama juu, kwa maana nyumba za Uhindini zilijengwa duka likiwa chini na familia ikiishi juu, na jina la mwenye nyumba pamoja na mwaka wa ujenzi huwa juu kabisa, pengine kwa hati ya Kigujarati, nusu yake ikiwa imefichwa na viyoyozi na mabango ya biashara. Pigeni picha mapema, kwani nyumba hizi zinabomolewa kupisha maghorofa mapya.

Wazee wachache hukumbuka miaka kwa tarakimu. Mzee akiulizwa alihamia lini hubabaika, lakini akiulizwa kama ilikuwa kabla ya Uhuru au baada ya majumba kutaifishwa, hujibu papo hapo. Vilevile, badala ya kuuliza nani alikaa wapi, ombeni awaelekeze njia aliyopita utotoni kwenda shule, msikitini au hekaluni, au kwenye sinema ya Avalon siku za sikukuu. Chora njia hiyo kama mstari, na maduka yote aliyoyapita yatajitokeza yenyewe, kuanzia la fundi cherehani hadi la muuza vitambaa. Kwangu mimi, mistari hii imekuwa na thamani kuliko alama za majengo, kwa sababu inaonyesha Mbohora na Mwithnaasheri (wote Waislamu wa Kishia), Mgoa (Mkristo mwenye asili ya Goa, India) na Mhindu walikutana wapi na walipishana wapi.

Suala la mwaka 1971 lishughulikiwe kwa adabu. Sheria ya mwaka huo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi zikaondoka nchini. Kwa baadhi ya wazee kidonda hicho bado kibichi, na mpangaji wa leo naye anaweza kudhani mmekuja kumtafutia kesi. Jielezeni kabla ya kutoa daftari, na pateni ridhaa kwa maandishi. Tengenezeni mafaili mawili: moja la darasani lenye majina ya familia, na jingine la kuwekwa mtandaoni lenye aina ya matumizi na miaka tu.

Wazee wawili wakitofautiana kuhusu mahali duka fulani lilipokuwa, wekeni alama zote mbili, kila moja na msimuliaji wake, hadi ipatikane picha au hati ya kuamua.