Rushwa ya mpakani: nishtaki huku au kule?

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mshauri. Nauza machungwa Kongowea, Mombasa, nayatoa Muheza, Tanzania, kwa lori. Mpakani kule naombwa "ya maji", huku kwetu naombwa "ya chai". Nikikataa, lori linawekwa juani mpaka machungwa ya chini yanaanza kuvuja. Nikilalamika huku naambiwa hayo ni ya kule, na kule naambiwa nirudi kwetu. Nasikia nchi zetu zimeungana kupiga vita rushwa. Je, niende Arusha?
Mama wa Machungwa, Kongowea

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Kabla ya kuandika hapa nilikuwa karani wa uwakala wa forodha Kilindini, na mchezo huo naujua. Hakuna anayekukatalia, kila mmoja anakuelekeza kwa mwenziwe mpaka uchoke utoe. Unanikera mpaka leo.

Arusha usiende kwa hili. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko pale, na mwananchi wa kawaida anaweza kuifikia, lakini kazi yake ni kupima kama serikali au Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunja Mkataba wa Jumuiya hiyo, tena shauri lifikishwe ndani ya miezi miwili. Aliyekuomba hongo ni wa EACC, tume ya kupambana na rushwa kwetu Kenya, na wa TAKUKURU, taasisi ya kazi hiyo kwa wenzetu Tanzania.

Muungano uliousikia upo kweli. Kenya na Tanzania zimeridhia mkataba wa Umoja wa Afrika dhidi ya rushwa, uliopitishwa Maputo Julai 2003, unaozitaka nchi zisaidiane katika uchunguzi na zirudishane watuhumiwa. EACC na TAKUKURU pia wamo katika umoja wa taasisi za kupambana na rushwa Afrika Mashariki, ulioundwa Kampala 2007. Lakini mpelelezi wa Mombasa hana ruhusa ya kumkamata afisa wa Tanzania. Anachoweza ni kumwomba mwenzake ushahidi, na hawezi kuomba kitu kama hakuna faili iliyofunguliwa.

Kwa hiyo fungua faili pande zote mbili. Ya kule yapeleke TAKUKURU Tanga, au piga 113 bila malipo ukiwa huko. Ya huku yapeleke EACC hapa Mombasa, au piga 1551. Katika kila barua taja kwamba umeripoti na upande wa pili. Hapo hakuna wa kukusukuma tena. Andika tarehe, saa lori lilipofika na saa lilipoachiwa, dirisha ulilohudumiwa, kiasi ulichoombwa na maneno yenyewe. Mara nyingi pesa haiingii kwenye simu ya afisa, inaingia kwa kijana wa kibanda cha jirani. Basi nambari ya huyo kijana pia ni ushahidi, na ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Ripoti kabla ya kutoa. Kwa sheria yetu ya hongo ya 2016, kuomba tu ni kosa, lakini kutoa pia ni kosa. Kwa yale uliyokwisha kutoa, zungumza na wakili kwanza. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayemtesa au kumtisha mtoa taarifa.

Kuna jambo ambalo wachuuzi wengi hawaambiwi. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umezalishwa wapi, kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Karatasi za afya ya mimea bado zinahitajika, na ada yoyote halali ina risiti. Serikali zetu zingebandika ada hizo ukutani kwa Kiswahili, kule na huku, nusu ya hao wa "chai" wangekosa la kusema.

Ukipeleka malalamiko, usiondoke bila nambari ya kumbukumbu. Ofisi ya umma ya huku kwetu ikikaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya aina hiyo bila malipo.