Mapenzi ndani ya mkataba: kwa wanaoandika riwaya za ndoa za kifalme

Mara kwa mara waandishi wachanga hunitumia miswada ya mapenzi ya zama za wafalme, na mingi inafuata njia moja. Binti wa mfalme anaozwa kwa mtu asiyemjua. Wanachukiana kwa sura tatu nne, kisha mvua inawakuta safarini, wanajibanza kibandani usiku kucha, na asubuhi wameshapendana. Nazipenda hadithi hizi na nimeziandika kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema wazi: kibanda kile kinaweza kuwa cha wapenzi wowote, hata mkulima na jirani yake. Ukiwatoa kwenye kasri ili wapate kupendana, umeiacha hadithi yako nyuma. Ndoa ya kifalme ni mkataba wa nchi mbili. Utamu wake ni kuona mapenzi yakiota humo humo ndani ya mkataba, mbele ya macho ya walioupanga.

Ndiyo maana kabla sijaandika sura ya kwanza naandika mkataba wenyewe, karatasi nzima: nani anatoa nini na lini, nani anaahidi kutodai nini, ahadi ikivunjwa kitatokea nini. Historia inatufundisha kwamba karatasi hiyo ina uhai. Louis XIV wa Ufaransa alipomwoa Maria Teresa wa Hispania mwaka 1660, ndoa ilikuwa sehemu ya amani iliyowekwa mwaka uliotangulia. Bibi harusi aliachia haki yake ya kurithi kiti cha baba yake, na Hispania iliahidi kutoa naye sarafu 500,000 za dhahabu. Fedha hazikulipwa. Louis akashika hoja kwamba kama malipo hayakufanyika basi na kule kuachia urithi hakuna nguvu, na mwaka 1667 majeshi yake yakaingia katika maeneo ya Hispania. Hebu fikiria chakula cha usiku cha mke na mume wakati habari za vita hiyo zinafika. Mezani kuna mwanamke ambaye haki yake ndiyo inayotajwa kuwa sababu ya kuishambulia nchi ya wazazi wake. Ukiwa na mkataba kama huo mkononi hutahangaika kutafuta mvua ya kuwakwamisha njiani.

Mfano ninaowapa waandishi kuliko mingine yote ni wa Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno aliyeolewa na Charles II wa Uingereza mwaka 1662. Alikuja na miji ya Tangier na Bombay, haki za biashara na ahadi ya fedha nyingi. Alikuja pia na msafara wake wa Kireno, wanawake waliojua lugha yake, sala zake na namna yake ya kuvaa. Baada ya harusi mfalme alimpa orodha ya wanawake watakaomhudumia chumbani, na katika orodha hiyo mlikuwa na jina la Barbara, hawara yake. Catherine alilifuta. Mfalme hakukubali, akamleta mwanamke huyo mbele ya watu wote na kumtambulisha. Malkia alimpokea kwa adabu maana hakumjua kwa sura. Aliponong'onezwa ni nani, damu ilimtoka puani, akazimia, wakamtoa chumbani. Mfalme alimtuma hata mshauri wake mkuu kwenda kumlainisha mkewe, na wengi katika wale Wareno wakarudishwa kwao. Mwisho malkia akasalimu amri.

Hapo mwandishi mwenye haraka atasema ndoa hii haina mapenzi, atafute nyingine. Mimi nasema soma mbele. Mwaka 1663 Catherine aliugua sana, na katika homa yake akawa anaamini amejifungua mtoto. Samuel Pepys, ofisa wa serikali wa London wa zama hizo, aliandika katika shajara yake jinsi malkia alivyohuzunika kwamba mtoto wake wa kiume si mzuri wa sura, na mfalme aliyekuwa karibu akamjibu kuwa sivyo, ni mtoto mzuri sana. Mtoto hakuwepo, wala hawakupata mtoto hadi mwisho. Mwaka 1678, wakati wa chuki kubwa dhidi ya Wakatoliki, malkia alisingiziwa kuwa katika njama ya kumwua mumewe kwa sumu. Hiyo ilikuwa nafasi iliyoiva ya kumwacha mke asiyezaa na kuoa mwingine, na walikuwepo waliomshauri mfalme afanye hivyo. Alikataa. Alimhoji mshtaki mwenyewe na kumlinda mkewe hadi mwisho.

Charles hakuacha mahawara, na sikushauri umsafishe. Ninachotaka ukione ni mahali ambapo hisia zilijitokeza: katika orodha ya watumishi, kitandani kwa mgonjwa, mbele ya mshtaki. Mume mwenye mamlaka anaonyesha moyo wake kwa namna anavyoyatumia mamlaka hayo, na mke asiye nayo kwa kile anachothubutu kukataa. Kwa hiyo mpe bibi harusi wako kitu cha kukataa mapema, hata kiwe kidogo, na umpe bwana harusi jambo litakalomgharimu kwa wakubwa wa baraza.

Katika riwaya yangu mojawapo niliigeuza orodha ile. Mkuu wa baraza anamletea mwana wa mfalme majina ya wageni watakaorudishwa kwao, aweke muhuri tu. Anasoma, anafika kwenye jina la yaya mzee wa mkewe, anachovya kalamu na kulikata mstari. Kisha anauliza kama kuna jambo lingine. Mkewe hajui mpaka jioni, anapomkuta yaya anakunja nguo kama kawaida. Wasomaji walioniandikia walilitaja tukio hilo zaidi ya busu lililofuata baadaye sana.

Kuhusu kukutana mara ya kwanza, usiamini sana macho. Henry VIII, mfalme wa Uingereza, alimwendea mchumba wake Anne wa Cleves kwa kujibadilisha mavazi, Januari 1540, akitaraji moyo wa binti utamtambua. Anne alimwona mgeni asiye na adabu, akaendelea kutazama dirishani. Ndoa ilifungwa siku chache baadaye na ikabatilishwa Julai. Kwa upande mwingine mfalme George III wa Uingereza na Charlotte walionana kwa mara ya kwanza na kufunga ndoa siku ileile, tarehe 8 Septemba 1761, na ndoa yao ikazaa watoto 15.

Jambo moja silipunguzii uzito. Historia imejaa mabibi harusi ambao walikuwa watoto. Isabella wa Ufaransa alipoozwa kwa Richard II wa Uingereza mwaka 1396 hakuwa ametimiza miaka 7. Marie Antoinette, aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, aliolewa akiwa na miaka 14. Hayo yaandike kama unaandika historia, lakini katika riwaya ya mapenzi wahusika wako wawe watu wazima, na hapo usijadiliane na mtu. Vilevile usiku wa harusi. Mkataba unaweza kumlazimisha mtu kuolewa, lakini mume anayeulazimisha mwili wa mkewe hawezi kuwa shujaa wa mapenzi sura tano mbele. Kungoja kwake ndiko kutakakotuvuta, hasa kwa kuwa kasri zima linahesabu siku. Chumba cha wana wa wafalme hakikuwa siri: mwaka 1529, Henry VIII alipotaka ndoa yake na Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur, ibatilishwe, mashahidi waliitwa kueleza walichosikia asubuhi iliyofuata harusi ya Arthur na Catherine, ya mwaka 1501. Mume anayengoja chini ya macho ya namna hiyo anajiweka hatarini, na mkewe analijua hilo.

Mwisho ni majina. Ukiwafanya waitane kwa jina tangu siku ya pili umetupa mali. Mwache bibi harusi aseme "Mtukufu" hata wakiwa wawili, maana nyuma ya pazia kuna mtumishi anayesikiliza. Katika mswada ninaoumalizia sasa, mume amemwomba mara nyingi amwite kwa jina na mke hajakubali. Analitamka kwa mara ya kwanza barazani, wazee wanapodai arudishwe kwao, kwa sauti ya kila mtu kusikia. Nenda kwenye mswada wako, utafute ukurasa ambapo jina linatajwa kwa mara ya kwanza, kisha angalia ni nani mwingine yupo chumbani. Kama hakuna mtu, mwingize mtu.